Mto ni Mimi

Jumatatu, 3 Novemba

Iandikwe na ihifadhiwe kwa ajili ya vizazi vijavyo: kuanzia leo asubuhi, mimi Hebert Píriz, mtangazaji wa mji wa Paysandú, sivai tena soksi.

Uamuzi mzito. Nimeufikia baada ya kifungua kinywa. Wachezaji wa dansi ya kisasa huenda peku, na mimi ni mchezaji wa dansi ya kisasa. Dada yangu Nibia, ninayeishi naye tangu mke wangu alipoamua kuishi na mtu mwingine, alinitazama miguu akauliza kama fangasi wamerudi. Sikumjibu. Msanii hajibu mambo ya fangasi.

Kundi letu linaitwa Mguu Peku. Halitafuti faida, na kusema kweli faida nayo haijawahi kulitafuta. Tunafanyia mazoezi katika ghala la zamani la sufu, kule mtaa wa bondeni karibu na mto. Siku za unyevu jengo zima linanuka kondoo. Yeyote wa mtaani anaruhusiwa kuingia: wafumaji, wastaafu, wasio na kazi, wenye kazi wanaoikwepa. Mwalimu ni Mirtha Etchegaray, mwanamke mwembamba asiyeinua sauti. Alicheza Montevideo, akacheza Ulaya, kisha akarudi nyumbani kutufundisha bure namna ya kuanguka sakafuni bila kuvunjika. Mimi ni katibu wa kamati. Pia natangaza maonyesho yetu kwa gari langu lenye spika mbili juu, lile lile ninalotangazia vifo na soseji za bei nafuu.

Sasa habari yenyewe. Mwaka huu tunacheza Mafuriko: mto Uruguay unavyopanda na kuwatoa watu wa bondeni majumbani mwao, kama ufanyavyo kila unapojisikia. Kutakuwa na watu wanaokimbia, watu wanaobeba vitu, watu wanaongoja juu ya paa. Na kutakuwa na Mto. Mtu mmoja, peke yake, jukwaa zima lake. Mirtha atamchagua hivi karibuni.

Mto ni mimi. Nimejua papo hapo.

Nimemwambia Nibia. Akauliza: wa maji au wa kulalia?

Kikwazo kimoja tu: Dardo Silvera, fundi wa matairi. Mabega kama mlango wa kanisa. Mwaka jana alikuja kuziba pancha ya gari la Mirtha, akasimama kutazama mazoezi kidogo, hajaondoka hadi leo. Hana mafunzo yoyote. Lakini akiinua mkono, watu wananyamaza. Mimi nikiinua mkono, Mirtha huuliza kama nina swali.

Jumanne, 4 Novemba

Mirtha kasema: kesho kila mtu alete kitu kilichookolewa kwenye mafuriko. Tutacheza nacho. Anataka kuona tunavyokishika.

Tatizo! Sisi tunaishi kilimani, nyuma ya soko. Maji hayajawahi kufika kwetu. Mafuriko kwangu ni habari, na mara nyingi mimi ndiye niliyeitangaza.

Suluhisho! Kiti cha marehemu mama, kile cha kitambaa cha kijani, kipo tu sebuleni, hakina kazi yoyote isipokuwa kukaliwa na Nibia. Alipokwenda kutengeneza nywele nimekiburuta hadi uani nikakipiga maji kwa mpira wa bustani. Kisha tope. Tope la kiasi, si la kujionyesha. Kimependeza sana. Kina huzuni.

Jumatano, 5 Novemba

Kiti kikilowa kinakuwa kizito kama ng'ombe. Nimekifunga juu ya gari, katikati ya spika, kikadondosha maji mji mzima.

Wenzangu walileta vitu vidogo. Doña Élida, mfumaji, alileta redio iliyokufa. Dardo alileta mfuniko wa sufuria. Sufuria yenyewe, alisema, ilikwenda Argentina, ng'ambo ya mto. Tulicheka wote. Kisha akaukumbatia ule mfuniko kifuani, akageuka nao polepole, na kicheko kikaisha chenyewe.

Zamu yangu. Mirtha akauliza kiti kilinusurika mafuriko gani. Nikasema yale makubwa. Akauliza makubwa yapi. Nikasema makubwa kabisa. Doña Élida akainama, akanusa, akachomoa kitu kwenye kitambaa, akainua juu wote waone. Akasema: don Hebert, huu mto wako unaota mawaridi?

Tope la bustani ya Nibia. Sikuwaza.

Nyumbani, Nibia hakupiga kelele. Aliketi sakafuni, mahali kiti kilipokuwa, akala chakula chake chote akinitazama. Ningependelea kelele.

Nabadilisha mbinu.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Kwa hiyo mazoezi yamesimama na Doña Élida kakaanga maandazi bapa, kwa sababu mvua ikinyesha watu wenye akili hukaanga maandazi bapa. Tukaketi duara sakafuni, kondoo wakinuka, kibuyu cha yerba, majani yetu machungu tunayoyanywa kama chai kwa mrija mmoja, kikizunguka. Chupa ya maji ya moto nilihakikisha naishika mimi. Anayemimina ndiye mwenye mamlaka.

Mpango ulikuwa safi. Nilimjazia Mirtha, nikampa kibuyu, nikangoja aweke mrija mdomoni ili asiweze kunikatiza. Hapo nikasema mbele ya wote kwamba nimefikiri sana. Kwamba Mto unahitaji mtu mzima, mwenye sauti, aliyeonja maisha. Na kwamba mzigo huo niko tayari kuubeba.

Mvua ilipiga mabati. Dardo alikuwa anapuliza andazi lipoe. Mirtha akavuta hadi kibuyu kikakoroma, akanirudishia, akanitazama machoni, akasema:

Asante.

Najua. Najua! Tangu utotoni tunajua: ukirudisha kibuyu kimya, zamu yako ikifika unajaziwa tena, ukisema asante, maana yake umetosheka, usimiminiwe zaidi. Doña Élida alinikumbusha hapo hapo bila kuombwa, mdomo umejaa: amekataa yerba, don Hebert, hajakubali kitu kingine chochote, usije ukajitia wazimu. Lakini Doña Élida hakuyaona yale macho. Na Mirtha hunywa yerba kuliko mwashi. Kwa nini atosheke leo, baada ya kibuyu kimoja? Kwa nini dakika ile ile?

Asante ya yerba huambiwa kibuyu. Hii niliambiwa mimi.

Mto ni mimi! Nimekula maandazi mpaka nikaona haya, kisha nikaongeza lingine.

Ijumaa, 7 Novemba

Habari kama hii haikai kifuani. Na Mirtha ni mtu wa soni, asingeitangaza mwenyewe. Nimemsaidia.

Nimeandika tangazo kwa mkono wangu, nikalirekodi chumbani kwa sauti yangu bora, ile ya chini, ya polepole, ambayo familia zilizofiwa huiomba hasa. Kisha nikavaa kofia na miwani ya jua, nikapandisha vioo vyeusi, isionekane najitangaza mwenyewe, nikazunguka mji asubuhi nzima:

"Kwa heshima na taadhima, wakazi wa Paysandú mnatangaziwa kwamba Hebert Píriz atakwenda na mto. Ni Jumamosi tarehe kumi na tano, saa kumi na mbili jioni, katika ghala la sufu, mtaa wa bondeni. Dada yake Nibia pamoja na marafiki wote wanawaalika mje kumwona kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Hakuna kiingilio."

Ya kwanza na ya mwisho kwa sababu tunaonyesha siku moja tu. Nimeona maneno yana uzito, nikayaacha.

Mapokezi yamenishangaza hata mimi. Wanaume walivua kofia. Mwenye duka la magazeti aliteremsha mlango nusu. Nje ya duka la mikate mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba. Miaka yote hii kwenye kazi, sijawahi kuona mji huu ukiiheshimu dansi ya kisasa kiasi hicho.

Jumamosi, 8 Novemba

Maua! Kabla hata ya yerba ya asubuhi. Nilikuwa bafuni, Nibia ndiye aliyefungua mlango. Shada kubwa kutoka klabu ya bocha, ambako kila Jumapili huwa naviringisha matufe na kushindwa. Kadi imeandikwa: Pumzika sasa, Hebert. Ushauri mzuri. Mchezaji lazima apumzike kabla ya onyesho.

Kisha likaja shada jingine. Kisha doña Ofelia wa nyumba ya pili, na keki nzima ya chajá, krimu na mapichi juu. Nikasikia kilio huko sebuleni. Pole mwanangu, pole, na alivyokuwa hana adabu lakini hana ubaya. Na ile sauti! Yaani alijirekodi mwenyewe kabla, maskini, asije akamlipa mtu mwingine.

Ikabidi nitoke. Nilitoka na taulo.

Doña Ofelia alipiga yowe moja tu. Alipotulia alinitazama kama mtu aliyeuziwa kuku mgonjwa, akasema basi arudishiwe keki yake. Nibia akajibu kwamba keki ya msiba hairudi, na kwamba kwa upande wake mimi nimekufa mpaka chajá iishe. Akaketi nayo sakafuni.

Nikaketi kitandani nikafikiri kama mtu mzima. Je, nitangaze upya? Nisahihishe? Upande mmoja, ukweli. Upande mwingine, mji mzima umejiandaa kuja ghalani kwa miguu yake wenyewe. Wakija kwa msiba wakakuta sanaa, hasara iko wapi?

Sijasahihisha.

Jumatatu, 10 Novemba

Mirtha kaniita pembeni. Hakuinua sauti, jambo ambalo ni baya. Alisema simu yake haijapoa tangu juzi. Mwanafunzi wake wa zamani amepiga kutoka Montevideo akilia, na padre ameuliza jeneza litaingilia mlango gani. Kisha akasema: Hebert, nilisema asante kwa sababu tumbo lilikuwa linaniuma. Mto ni Dardo. Ni Dardo tangu ule mfuniko wa sufuria.

Nikauliza kama tumbo limepona, pengine tuanze mazungumzo upya.

Limepona. Mto ni Dardo.

Nikamwambia basi heri aniondoe kabisa kundini. Nilisema kwa sauti ya vifo, ili aogope. Akasema hapana, kundi hili halimwondoi mtu, ndiyo sababu lipo. Nitacheza. Karibu na mwisho watu wanne wanaokoa kabati la nguo kutoka kwenye nyumba inayozama, na kabati la kweli hatuna.

Mimi ni kabati.

Kazi yangu ni kulala mabegani mwao nimekakamaa na, hapa alininyooshea kidole, kutofanya chochote. Chochote, Hebert. Hata kupumua upumue kidogo.

Kutofanya chochote ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika dansi ya kisasa. Yeyote anayeijua sanaa atasema hivyo. Dardo aliponipita mlangoni alinipiga bega akasema: hongera, mzee, mwaka mzima nilikuwa nakuona una sura ya mbao.

Jumatano, 12 Novemba

Bado kuna siku. Nimekwenda kwa Dardo bondeni kumshauri, kama rafiki, kwamba Mto utamharibu mgongo, na fundi wa matairi bila mgongo ni nani? Nilikuwa nimejiandaa vizuri.

Akafungua mlango akasema ingia basi, don Hebert, mbona umesimama kama mtu wa kodi. Akaniwekea mezani kipande cha nyama ya kukaanga kilichozidi sahani. Ukutani jikoni niliona mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, kama ile ya kupimia watoto wanavyokua. Nikamsifu: watoto wako wamekuwa warefu.

Akasema hana watoto. Hayo ni maji. Kila mstari na mwaka wake. Ule wa juu kabisa uko juu ya mlango.

Akanionyesha meza hii hii ilivyoelea, mama yake juu yake na kuku wawili, akiwatukana wanajeshi waliokuja na boti kwa sababu walichelewa na hawakuvua viatu. Tulicheka. Kisha akasimama katikati ya jikoni akanieleza jinsi maji yanavyoingia. Watu wanadhani yanakuja kwa kishindo, alisema. Si kweli. Yanaingia chini ya mlango kama mgeni mwenye adabu. Hujui kitu mpaka uone viatu vyako vimeanza kutembea bila wewe. Akaonyesha kwa kiganja, hivi, taratibu, sambamba na sakafu.

Nilijikuta nimepandisha miguu yote juu ya kiti.

Nilifika nyumbani kabla sijakumbuka nilikwenda kufanya nini. Mjanja sana huyu mtu.

Jumapili, 16 Novemba

Jana! Niandike kwa utaratibu.

Ghala lilijaa mpaka madirishani. Kawaida huja mama za wachezaji na mbwa mmoja. Jana ulikuja mji mzima, na nusu yake walivaa nyeusi. Klabu ya bocha ilikuja na bendera. Waliosikia niko hai walikuja kuhakikisha, na wasiosikia walikuja kuniaga. Padre aliketi mbele. Hakuna aliyejua kama inafaa kupiga makofi, kwa hiyo hakuna aliyepiga.

Dardo aliingia amelala. Hakuna ngoma, hakuna kishindo. Alikuja chini, kiganja mbele, bega, mgongo, taratibu, mpaka safu nzima ya mbele ikapandisha miguu juu ya viti, padre akiwemo. Nikachungulia pembeni ya pazia. Wanawake wa bondeni walikuwa wanalia, na hawakuwa wananililia mimi. Nilivumilia.

Kisha zamu yangu. Wanne wakanipandisha mabegani. Nimekakamaa, mikono ubavuni, macho nimefumba. Tukatoka polepole kwenye mwanga.

Na watu wote wakasimama.

Wote! Nilisikia viti. Nilisikia kofia zikivuliwa. Nilisikia mtu akisema kwa sauti ya chini: wamempaka poda vizuri. Doña Ofelia, aliyeniona kwa macho yake mwenyewe nikiwa na taulo, ndiye aliyelia kuliko wote. Nililala pale juu, katikati ya jukwaa, nikawa sifanyi chochote, na nilifanya hivyo kwa ukamilifu ambao Paysandú haijawahi kuuona.

Ila nilitaka kuona. Kidogo tu. Nilifumbua jicho moja.

Jicho likakutana na jicho la mwenyekiti wa klabu ya bocha. Akapiga kelele ambayo sikujua mwanamume wa umri wake anayo. Bendera ikamponyoka ikamwangukia padre. Wabebaji wangu wakaanza kucheka, mabega yakatikisika, mmoja akaachia, na kabati likaenda chini na mguu mmoja juu. Nikasikia nyonga ikilia. Nikalala pale. Mafunzo yote ya kuanguka yalinijia kichwani baada ya kuanguka.

Hapo Dardo, ambaye sehemu hiyo hakuwa na kazi, akaingia tena kutoka gizani. Taratibu, sambamba na sakafu. Akanifikia, akapita chini yangu, sijui alifanyaje, nikawa mgongoni mwake. Akanibeba jukwaa zima akiyumba, akanizungusha mara moja, akanipeleka mpaka nje ya mwanga. Alinong'ona njiani: tulia mzee, usishike shingo.

Kisha makofi. Makofi mpaka vumbi la sufu likadondoka kutoka darini na watu wakapiga chafya. Wazee wa bondeni walimfuata Mirtha wakamwambia ndivyo hasa ilivyokuwa, makabati yao yalianguka vile vile na mto ukayachukua vile vile, amejuaje? Mirtha akanijia. Alisema nikirudia tena atanifunga kamba kwenye nguzo ya ghala. Kisha akanikumbatia, muda mrefu.

Klabu ya bocha imeomba shada lake lirudishwe. Nibia amekataa.

Jumanne, 18 Novemba

Nyonga bado. Nimelala na kutafakari, na sioni haya kusema kwamba uzoefu huu umenifundisha mengi.

Kwa mfano: makofi yalianza baada ya mimi kuanguka. Si kabla. Dardo alitambaa vizuri, simnyimi haki yake, lakini alipotambaa peke yake hakuna aliyepiga kofi hata moja. Watu walikuwa wanangoja kitu. Nilipokileta, walishukuru.

Tangazo nalo halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa sauti. Mwakani nitatumia ile ya soseji.

Kwa sababu mwakani Mto ni mimi, hilo sasa halina mjadala. Nimeanza mazoezi. Nalala ndani ya beseni la kuogea asubuhi nzima nikisoma tabia ya maji, na Nibia akigonga mlango namwambia niko kazini. Anasema atanitangaza yeye, na safari hii itakuwa kweli. Kiti cha mama kimekauka, kinanuka kidogo. Nimejaribu mbele ya kioo ule mkao wa kiganja, hivi, sambamba na sakafu. Kwangu kina kitu ambacho kwa Dardo hakipo.

Mchana nimejikongoja mpaka ghalani kumpa Mirtha habari mapema, ili asipate shida ya kutafuta mtu. Alikuwa anafagia. Nilimweleza yote: kutambaa, beseni, sauti ya soseji. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea ufagio.

Akasema mwakani kundi linacheza ukame.